Kome kwenye tangi la samaki: yanayosemwa na yalivyo

Kome tunaowazungumzia hapa ni wale wadogo wa maji baridi, wenye magamba mawili yaliyoungana kwa bawaba, upana wa sentimita 2 au 3. Ziwa Victoria lina jamii ya Corbicula, na ndio wanaofaa zaidi tangi la nyumbani.

"Kome huchuja maji, kwa hiyo filta haina kazi."

Kuchuja anachuja. Huvuta maji kwa mrija mmoja, hunasa mwani na bakteria kwenye matamvua, kisha huyatoa kwa mrija wa pili. Lakini alichokula hukinya papo hapo mchangani, na amonia humtoka kama inavyomtoka samaki. Maji yatang'aa huku sumu ikibaki. Filta iendelee kufanya kazi, na robo ya maji ibadilishwe kila wiki, kome awemo asiwemo.

"Hahitaji kulishwa, anakula uchafu."

Hapa ndipo wengi wao hufia. Tangi safi halina chakula cha kome. Atajikimu kwa nyama yake mwenyewe miezi kadhaa, halafu afe, na mwenye tangi alaumu maji. Corbicula huokota pia chembe za mchangani kwa mguu wake, ila hizo hazimtoshi.

Chakula chake kinatengenezwa nyumbani. Chukua chupa angavu ya lita 1.5, ijaze maji uliyotoa kwenye tangi siku ya kubadilisha, uiweke dirishani penye jua. Legeza kifuniko, itikise kila siku. Kwa jua la Kisumu, siku 7 hadi 10 huwa kijani. Nakuru, penye baridi, ipe muda zaidi. Zima filta, vuta mililita 20 kwa sirinji isiyo na sindano, yamwage polepole karibu na mirija ya kome, subiri nusu saa. Rudia mara 3 kwa wiki. Poda ya spirulina (mwani mdogo uliokaushwa) nayo inafaa: ncha ya kisu kwenye mililita 100 za maji, itikise mpaka mabonge yaishe. Maji yakiwa bado yana ukungu baada ya saa 2, umezidisha. Na filta uikumbuke kuiwasha. Hulala imezimwa mara nyingi kuliko watu wanavyokiri.

Kwa tangi la lita 60, kome 3 au 4 wanatosha. Anayetia 20 anawagombanisha kwa chakula kidogo.

"Ganda likiwa wazi, amekufa."

Kome mzima anayekula huacha mwanya mwembamba, na mirija yake huonekana. Mguse: atafunga. Aliyekufa hupanuka na hafungi. Anayedanganya ni yule aliyekufa akajaa mchanga, kwa kuwa huwa mzito kama mzima. Mshike kati ya kidole gumba na cha shahada, sukuma gamba moja mbele na jingine nyuma. Mzima hatikisiki, wa mchanga magamba yake huteleza. Wahesabu kila wiki, kwani mmoja akioza chini ya mchanga, amonia hupanda na samaki huanza kuhemea juu. Ikitokea hivyo, mtoe na ubadilishe nusu ya maji siku hiyo hiyo.

"Ametoka ziwani, mtie maji ya ziwa."

Maji ya ufuo wa Kisumu hupatwa na mwani wa bluu-kijani wenye sumu, na konokono wake hueneza kichocho. Kome mwenyewe haenezi kichocho, ila anayemchimba majini bila gambuti anaweza kukipata. Tumia maji ya mfereji yaliyokaa wazi saa 24 ili klorini itoke.

Nakuru kuna tatizo jingine. Maji ya visima vingi yana magadi na floridi, kipimo cha pH (kinachoonyesha kama maji ni ya asidi au ya alkali, 7 ikiwa katikati) kinasoma 8, na mtu hudhani gamba litapata chokaa. Magadi si chokaa. Gamba lenye njaa ya kalsiamu, madini yaliyomo kwenye chokaa, huanza kumomonyoka karibu na bawaba, mabaka meupe yanayochimbika. Tia vijiko 2 vya maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa, au mawe ya chokaa ya kulishia kuku kutoka agroveti. Chokaa ya kupaka ukutani usiithubutu: hupandisha pH ghafla na kuua kila kilichomo.

"Kokoto nazo zinatosha."

Hazitoshi, kome hujizika. Mpe mchanga laini wa mto, uliochekechwa na kuoshwa mpaka maji yatoke safi, kina cha sentimita 5 hadi 7.

"Dawa ya samaki haimhusu kome."

Inamhusu sana ikiwa na shaba. Soma kibandiko kwanza. Samaki mgonjwa mtibu kwenye ndoo yake.

"Nikimchoka nitamrudisha majini."

Kome wa dukani huenda ametoka Asia. Corbicula fluminea wa huko alishasambaa mito ya Marekani na Ulaya, kwani mmoja peke yake anaweza kujitungisha mimba. Asiyetakiwa agandishwe kwenye friza, kisha azikwe. Maji ya kubadilisha yamwagie maua, si mtaro unaoelekea ziwani: mtoto wa kome ana takriban robo ya milimita, na kwenye ndoo humwoni.