Odi ni bei, uwezekano ni jambo jingine

Fungua programu yoyote ya kubeti, chagua mechi moja, utakuta namba tatu. Tuseme ni 2.10 kwa mwenyeji, 3.30 kwa sare na 3.40 kwa mgeni. Hizo ndizo odi. Wengi wanazisoma kwa jicho la malipo tu: nikiweka 1,000 kwa mwenyeji na akashinda, ninarudishiwa 2,100, yaani dau langu pamoja na faida ya 1,100, kabla ya kodi. Hesabu hiyo haina kosa. (Mwingereza wa zamani angeiandika odi hiyohiyo 11/10, Mmarekani angeandika +110, malipo hayabadiliki.) Lakini namba ileile inasema jambo la pili ambalo watu wachache huliuliza: je, mwenyeji anatakiwa ashinde mara ngapi ili dau hili lisinitie hasara?

Jibu linapatikana kwa kugawanya 1 kwa odi. 1 ÷ 2.10 ni 0.476, sawa na asilimia 47.6. Fanya vivyo hivyo kwa sare, upate 30.3, na kwa mgeni, upate 29.4. Sasa zijumlishe. Matokeo ya mechi ni matatu tu na moja lazima litokee, kwa hiyo jumla ilipaswa kuwa 100. Inakuja 107.3.

Ile 7.3 iliyozidi ndiyo riziki ya kampuni. Kampuni haihitaji kujua nani atashinda. Inauza kila tokeo kwa bei iliyo juu kidogo ya thamani yake, kama muuza nyanya anayeongeza chake juu ya bei ya shamba, kisha inaacha idadi kubwa ya wateja ifanye kazi. Kwa bei za mfano wetu, katika kila shilingi 100 zinazowekwa, wachezaji kwa wastani hurudishiwa kama 93.

Uwezekano wenyewe ni kitu kingine. Ni kipimo cha mara ngapi jambo litatokea likirudiwa mara nyingi sana katika hali ileile, kuanzia 0 kwa lisilotokea kabisa hadi 1 kwa lisilokosa kutokea. Dadu ya haki ina nyuso sita, hivyo uwezekano wa kupata sita ni moja kwa sita, na odi ya haki yake ni 6.00. Akija mtu akakulipa 5.70, amekukata asilimia 5 bila kuigusa dadu. Ruleti, mchezo wa kasino ambao kipira huzungushwa kwenye gurudumu la namba na kuangukia kishimo kimoja, hufanya hivyohivyo waziwazi: gurudumu la Ulaya lina vishimo 37, lakini ukipatia namba moja unalipwa kana kwamba vipo 36. Hasara ya wastani ni asilimia 2.7 ya kila dau. Gurudumu la Kimarekani lina vishimo 38 na malipo ni yaleyale, kwa hiyo hasara inapanda hadi 5.26.

Tofauti kati ya dadu na mpira ni kwamba uwezekano wa dadu unahesabika, ilhali wa mechi ya Simba na Yanga unakadiriwa tu. Mechi ile haitachezwa mara elfu moja katika hali ileile ili tupate wastani. Hapo ndipo mbashiri mwenye elimu ya mpira anapojipa matumaini, na kimantiki ana haki: akiona mwenyeji ana nafasi ya asilimia 52 wakati bei inadai 47.6, dau hilo lina faida kwake. Sharti ni kwamba makadirio yake yawe bora kuliko ya watu wanaokaa na takwimu kutwa kucha. Kusema "timu yangu iko vizuri" hakutoshi, kwa sababu uzuri huo tayari umeshaingizwa kwenye odi.

Mkeka, yaani dau moja juu ya mechi kadhaa ambazo lazima uzipatie zote, ndio mahali hesabu inapouma zaidi. Chukua mechi kumi za "uhakika", kila moja ikiwa na odi 1.30. Odi huzidishwa, hivyo 1.30 mara kumi inatoa karibu 13.8, na 1,000 inaonekana kugeuka 13,800. Tamu. Lakini uwezekano nao huzidishwa. Tukiondoa fungu la kampuni kwa kiwango cha mfano wetu, timu yenye odi 1.30 inashinda takriban mara 72 katika 100. Zikutane kumi zote siku moja na nafasi yako inabaki asilimia 3.6, yaani mkeka mmoja katika kila 28 hivi. Mikeka 28 ya 1,000 inakugharimu 28,000 ili upate 13,800. Ile fungu ya kampuni, iliyokuwa kama shilingi 7 katika 100 kwa mechi moja, imefika kama 50. Ndiyo maana bonasi za mikeka mirefu hutangazwa kwa furaha kubwa hivyo.

Jakipoti ya mechi 17, kama ile inayojulikana sana Kenya, ni mkeka uliopelekwa mwisho kabisa. Kila mechi ina matokeo matatu, kwa hiyo kuna namna 129,140,163 za kuijaza. Bila shaka hakuna anayejaza kwa kufumba macho. Basi tumpe mbashiri hodari anayepatia kila mechi kwa asilimia 50: nafasi yake ni moja kati ya 131,072. Watu wameshinda, ndiyo. Mwaka 2017 mtu mmoja nchini Kenya aliondoka na zaidi ya shilingi milioni 220 za huko. Anajulikana nchi nzima kwa sababu washindi wa namna yake hawapatikani kila wiki.

Kuna kosa jingine ambalo halihusu bei: kudhani kwamba bahati ina kumbukumbu. Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi ilivyoendelea, watu walizidi kurundika fedha kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika, na wakakombwa. Gurudumu halikujua limetoa nini kabla. Uwezekano wa nyekundu ulikuwa 18 kwa 37 katika mzunguko wa kwanza na ulikuwa 18 kwa 37 katika mzunguko wa mwisho. Anayeongeza dau kwenye mchezo wa kindege, kile kinachopaa kwenye skrini huku malipo yakipanda, kwa sababu "kimeanguka mapema mara tano, sasa lazima kipae" anafikiri kama wale wa Monte Carlo.

Poka iko kando kidogo ya haya yote, kwa kuwa unacheza dhidi ya wenzako na bei inapangwa na fedha zilizo mezani. Tuseme una kopa mbili mkononi na kati ya karata tatu zilizofunuliwa mezani mbili ni kopa. Karata inayofuata kufunuliwa ikikupa kopa ya tano, una hakika karibu yote ya kushinda. Karata ni 52, umeshaona 5, zimebaki 47, na kopa ndani yake ni 9. Tisa kwa 47 ni asilimia 19.1. (Wachezaji huzidisha tu karata zinazowafaa kwa 2: 9 mara 2 ni 18, inatosha kwa haraka.) Mezani kuna 8,000, mpinzani anaweka 2,000. Unatakiwa ulipe 2,000 ili ugombee 10,000, kwa hiyo unahitaji kushinda mara 2 katika 12, asilimia 16.7. Nafasi yako ni kubwa kuliko bei, lipa. Mpinzani huyohuyo akiweka 8,000, unalipa 8,000 kugombea 16,000 na unahitaji asilimia 33. Karata zako hazijabadilika hata moja, ila sasa ni za kutupwa.

Mara nne katika tano utalipa zile 2,000 na kopa haitakuja. Uamuzi ulikuwa sahihi hata hivyo, kwa sababu ukirudiwa mara nyingi kila mara moja inakuachia wastani wa kama 300. Kwenye ruleti huwezi kuufikia uamuzi wa namna hiyo hata ukikesha na kikokotoo. Kwenye poka unapatikana, ingawa kasino hukata tozo yake katika kila chungu cha fedha, na wachezaji wawili wenye uwezo sawa wakikesha mezani, anayeamka na fedha za wote wawili ni mwenye meza.