Chama cha kuchangiana na chama cha kudai: wanawake katika ajira ya serikali

Katika ofisi nyingi za umma hapa Mombasa, kina mama wana chama chao. Mara nyingi ni mchezo wa pesa: kila mwezi watu watoa, kijumbe akusanya, mmoja apokea. Juu yake kuna mfuko wa matanga na arusi, na sare ya kitenge ifikapo tarehe 8 Machi. Si jambo baya, na wengi wamesomesha watoto kwa pesa hizo. Taabu hutokea siku mwenzao anaporukwa katika kupandishwa daraja, au anaporudi kutoka likizo ya uzazi akakuta meza yake imepewa mtu mwingine. Hapo ndipo wanachama hugundua kwamba chama chao hakina pa kusimama mbele ya mwajiri, kwa kuwa hakikuundwa kwa kazi hiyo.

Kujipanga si jambo geni kwa wanawake wa mji huu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vikundi vya lelemama, ngoma ya wanawake, kama Ibinaal Watan na Banu Saada vilikuwa na viongozi, vyeo, michango na ushindani mkali wa karamu. Miaka ya 1950 vikaja vyama vya wanawake wa Kiislamu vilivyoacha mashindano ya ngoma na kushughulikia elimu ya wasichana. Maendeleo ya Wanawake nayo ilianzishwa mwaka 1952 chini ya idara ya serikali ya kikoloni ya maendeleo ya jamii, ikafundisha usafi, ushoni na malezi. Katika mafunzo hayo, mwanamke alitazamwa kama mke na mama. Karani, muuguzi au mwalimu aliyelipwa na serikali hiyo hiyo hakuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yake ya kazi.

Naye alikuwa nayo mengi. Utaratibu wa utumishi wa umma ulitoka Uingereza, ambako mwanamke aliyeolewa alitakiwa kuacha kazi ya serikali hadi sharti hilo lilipofutwa mwaka 1946. Mishahara sawa kwa makarani na maafisa wa kike ilikubaliwa baadaye, ikaongezwa kwa awamu kuanzia 1955 hadi 1961. Waliolisukuma jambo hilo kwa miongo kadhaa ni vyama vya wanawake wenyewe walioajiriwa serikalini, wakishirikiana na vyama vikubwa vya wafanyakazi. Marekani, wanawake wa serikali kuu waliunda chama chao mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya amri ya rais iliyokataza ubaguzi wa jinsia katika ajira ya serikali. Tazama mpangilio huo: amri ilitangulia, kisha chama kikaja kuhakikisha kwamba inafuatwa.

Huku kwetu dhana ya kwamba mwanamke aliyeolewa "ana mume wa kumtunza" haikuondoka na bendera ya mkoloni. Iliendelea kuonekana katika marupurupu, hasa ya nyumba. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wangari Maathai na mwenzake Vertistine Mbaya walidai wahadhiri wa kike wapewe marupurupu sawa na wanaume. Walipoona kuomba hakutoshi, walijaribu kuugeuza umoja wa wahadhiri uwe chama cha wafanyakazi ili upate nguvu ya kujadiliana na mwajiri. Mahakama ilikataa, ingawa mengi waliyoyadai yalikuja kukubaliwa. Kisa hicho chastahili kusomwa kwa makini kuliko hotuba nyingi za Siku ya Wanawake, maana waliohusika walitambua mapema kwamba umoja wa kitaaluma na chama cha wafanyakazi ni vyombo tofauti kisheria.

Sheria ya Ajira ya 1976 ilimpa mwanamke miezi miwili ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, kisha ikamnyang'anya likizo yake ya mwaka huo. Aliyejifungua alihesabiwa kama aliyekwenda kupumzika! Iliwachukua wanawake miaka 31 kuiondoa adhabu hiyo. Sheria ya Ajira ya 2007 inatoa miezi mitatu, mshahara kamili, na likizo ya mwaka inabaki palepale. Inamtaka mfanyakazi atoe notisi ya maandishi siku 7 au zaidi kabla ya kuanza likizo, na cheti cha daktari au mkunga kama mwajiri atakitaka. Akirudi, ni haki yake kupewa kazi aliyokuwa nayo, au nyingine inayomfaa kwa masharti yasiyopungua ya awali. Wengi hukosea kwenye notisi: humwambia msimamizi kwa mdomo, msimamizi akahamishwa, ikawa hakuna karatasi ya kuonyesha. Andika barua, peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo.

Basi chama gani kinafaa kwa kazi gani?

Kikundi cha jamii husajiliwa na ofisi ya maendeleo ya jamii, na kinahitaji watu wasiopungua 10. Kinaweza kufungua akaunti, kuweka akiba na kuomba mikopo ya vikundi. Hakiwezi kumlazimisha mwajiri kuketi mezani.

Mtandao wa kitaaluma ni kitu cha pili. Mombasa ina mfano mzuri: mwezi Desemba 2007 ulizinduliwa hapa mtandao wa WOMESA, unaowaunganisha wanawake wa sekta ya bahari kutoka mashariki na kusini mwa Afrika, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Bahari. Mtandao wa aina hii hufungua milango ya mafunzo, humkutanisha aliyeanza kazi jana na aliyekwisha kupanda, na huonyesha kwamba kazi fulani si ya wanaume peke yao. Mshahara, hata hivyo, hauwezi kuujadili kwa niaba yako.

Chama cha wafanyakazi ndicho chenye uwezo huo chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, na sharti lake ni kuwa kimeandikisha zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaohusika; hapo mwajiri hulazimika kukitambua. Swali linaloulizwa mara kwa mara ni kwa nini wanawake wasianzishe chama chao peke yao. Njia ipo: waanzilishi huomba kwanza kwa Msajili wa Vyama vya Wafanyakazi cheti cha kuwaruhusu kuandikisha wanachama, kisha ndani ya miezi 6 huleta ombi la usajili. Lakini Msajili anaweza kulikataa ikiwa chama kilichopo tayari kinawakilisha vya kutosha maslahi ya wafanyakazi hao, na katika kaunti, hospitali na bandari vyama vipo. Kwa hiyo, kwa wengi, njia ya haraka ni kuingia katika chama kilichopo na kukibadilisha kutoka ndani. Polisi, askari magereza, wanajeshi na maafisa wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) sheria hiyo haiwahusu. Wao hubakiwa na mitandao na taratibu za ndani za malalamiko.

Kabla ya kudai, pata takwimu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuiandikia ofisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 21. Usiulize tu "wanawake ni asilimia ngapi", kwa sababu jibu litakuwa zuri na halitakusaidia: hesabu ya jumla hupandishwa na wauguzi, makarani na wasafishaji. Uliza idadi ya wanaume na wanawake kwa kila daraja la kazi, wangapi ni wa kudumu wenye pensheni na wangapi wa mkataba, na nani walipelekwa mafunzo na kupandishwa katika miaka mitatu iliyopita. Pengo huonekana hapo. Ukikataliwa, peleka ombi kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Kuhusu dhuluma za kingono kazini, mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi lazima awe na sera iliyoandikwa. Iombe hata kama huna malalamiko, maana sera nyingi hukaa kabatini. Kesi huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni ushahidi: mtu hukumbuka kwamba aliudhiwa lakini hakumbuki lini. Andika siku hiyo hiyo tarehe, saa, mahali, maneno kama yalivyotamkwa na aliyekuwa karibu. Ujumbe wa simu usiufute hata baada ya kuupiga picha. Ya pili ni kuchanganya sheria. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 humwadhibu mwenye madaraka anayerudia rudia kumtaka mtu asiyetaka. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Tukio moja laweza lisitoshe huko, ilhali chini ya Sheria ya Ajira, kumwahidi mtu cheo au kumtisha kuhusu kazi yake ili akubali ni malalamiko kamili.

Mengine ni madogo kwa maneno na makubwa kwa maisha ya kila siku. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea au kukamulia maziwa, chenye mahali pa kunawa mikono, jokofu, soketi ya umeme, meza ndogo na kiti cha starehe. Kisiwe chooni. Nafasi ya kukitumia hutolewa ndani ya saa za kazi, hadi saa moja kwa kila saa 8. Madai kama haya yafaa yaingizwe katika makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri, kwa sababu ahadi ya mkurugenzi huondoka na mkurugenzi.

Na ili yaingie, lazima awepo wa kuyatetea kwenye kamati ya majadiliano. Chaguzi za vyama hufanywa kila miaka mitano, zikianzia matawini, na katibu wa tawi ana uzito kuliko nafasi ya "mwakilishi wa wanawake" ambayo hutolewa kwa hisani na kwa kawaida haina kalamu. Gombeeni ukatibu na uweka hazina. Soma katiba ya chama miezi kadhaa mapema, kwani nyingi humtaka mgombea awe mwanachama aliyelipa ada kwa muda fulani. Mwajiri ana siku 30 tangu kupokea notisi kuanza kukata ada ya aliyejaza fomu. Siku hizo zikipita, angalia karatasi ya mshahara: makato yapo, na jina la chama ni lile ulilojiunga nalo? Wapo wanaokatwa ada ya uwakilishi tu, ile inayotozwa asiye mwanachama anayefaidika na makubaliano, wakidhani wamejiunga. Huyo siku ya kura atarudishwa mlangoni.