Deni la Nairobi haliondoki na gavana

Kila inapokaribia Machi 31, siku ya mwisho ya wenye viwanja kuilipa kaunti ya Nairobi ada za ardhi za mwaka bila faini, wateja wangu huniuliza kwa nini wabebeshwe madeni yaliyoachwa na magavana waliotangulia. Dhana kwamba deni huondoka na aliyelisababisha ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu hata wenye biashara kubwa huisema kwa uhakika.

Gavana hadaiwi kwa jina lake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 huitambua kaunti kama shirika ambalo uhai wake kisheria haukomi uongozi unapobadilika, na ndiyo maana Nairobi ingali inabeba madeni yaliyolimbikizwa na lile Baraza la Jiji, lililoliendesha jiji kabla ya kaunti na kufikia kikomo mwaka wa 2013. Kufikia Juni 2024, kwa mujibu wa Msimamizi wa Bajeti, afisi inayofuatilia matumizi ya fedha za umma, kaunti hiyo ilidaiwa zaidi ya shilingi bilioni 80, karibu nusu ya madeni ya kaunti zote 47. Mapato yake ya ndani mwaka huo wa fedha hayakufika bilioni 13, na mgao wa serikali kuu ulikuwa takriban bilioni 20. Hata ingesimamisha mishahara na huduma zote, miaka miwili isingetosha kulimaliza deni hilo.

Madeni haya huzaliwa bajeti inapokadiria mapato yasiyopatikana. Zabuni hutolewa, mwanakandarasi hukarabati barabara, ankara huwasilishwa, lakini fedha hazipo. Safari ijayo, mwanakandarasi huyo, akijua kwamba huenda akasubiri miaka, hujumuisha gharama ya kungoja katika bei yake, na mlipa kodi hununua kazi ileile kwa bei ya juu zaidi. Michango ya pensheni isiyolipwa ni mibaya zaidi: hati ya mshahara ya mfanyakazi huonyesha makato ya kila mwezi, lakini yasipofikishwa kwenye mfuko, riba hulimbikizwa juu yake, na riba hiyo haizoi hata lori moja la taka.

Wapo wanaoamini kwamba kaunti inaweza kwenda benki na kukopa tu. Lakini Kifungu cha 212 cha Katiba kinataka mkopo udhaminiwe na serikali kuu na uidhinishwe na bunge la kaunti. Wapangaji nao hudhani ada za ardhi haziwahusu, ilhali mwenye nyumba huziingiza katika kodi ya kila mwezi. Na wanaolalamika kwamba ada zilipandishwa kwa ulafi tu wakumbuke kwamba kwa miongo kadhaa zilikokotolewa kwa thamani ya ardhi ya mwaka wa 1982, jambo lililowapendelea wenye viwanja vya bei ghali.

Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutolewa kila robo mwaka na kusomwa bila malipo. Nawasihi wateja wangu waanze na jedwali la madeni, kisha wahudhurie vikao vya umma vya bajeti na kuuliza, kabla ya mradi wowote mpya kupitishwa, ni kiasi gani kimetengewa ankara za zamani.