Vigae vya Ngome ya Yesu na Asili ya Miji ya Pwani

Wageni wengi wanaoingia katika makumbusho ya Ngome ya Yesu hapa Mombasa huvutwa kwanza na vyombo vya kauri kutoka China, na hawana kosa, kwa kuwa ni vyombo vizuri mno. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuchambua vyombo vya udongo, huwaomba wasogee kidogo hadi kwenye vigae vya vyungu vya kupikia. Swali la nani alijenga miji ya kale ya pwani, wenyeji au watu kutoka ng'ambo, lilipata jibu lake kwa sehemu kubwa katika vigae kama hivyo.

Ngome ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi mzaliwa wa Milan. Waomani waliitwaa Desemba 1698, baada ya kuizingira tangu Machi 1696, na Waingereza wakaigeuza jela kuanzia 1895 hadi 1958. Wafungwa walipohamishwa, James Kirkman, aliyekuwa akichimbua magofu ya Gedi tangu 1948, aliifanyia ngome uchimbuzi, na kwa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno makumbusho yakafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kiini cha mkusanyo wake kimetoka ardhini, katika ngome yenyewe na katika miji mikongwe kama Gedi, Ungwana na Manda.

Watafiti wa wakati huo walivitegemea vyombo vya nje kwa sababu ya msingi: mitindo ya kauri za China na ya vyombo vilivyopakwa rangi ya kioo kutoka nchi za Kiislamu ilikwisha kupangwa kwa karne zake, hivyo kipande kimoja tu kingeweza kulipatia tabaka la udongo umri wake. Tatizo lilikuwa kwamba jicho lililozoea kutafuta vya nje liliona wageni kila mahali. Neville Chittick, aliyechimbua Manda, aliuona mji ule kama makazi yaliyoanzishwa na watu kutoka Ghuba ya Uajemi.

Lakini hebu tukiangalie kigae kimoja cha kienyeji kwa makini. Ni kipande cha ukingo wa chungu, na upinde wake unatosha kutuonyesha mdomo wa chungu kizima ulikuwa na upana gani. Upande wa nje una masizi, basi kilikaa mafigani. Mahali kilipovunjika panaonekana chembe za mchanga zilizochanganywa ili udongo usipasuke motoni, na katikati pana utepe mweusi, ishara kwamba kilichomwa kwenye moto wa wazi ambao haukukiivisha hadi ndani. Begani pana safu ya pembetatu zilizochorwa kwa kitu chenye ncha kabla udongo haujakauka. Vyungu vya pembetatu hizo ni vya takriban karne ya 7 hadi ya 10, na vimepatikana pwani pamoja na bara, ukiwemo ukanda wa Mto Tana.

Mark Horton alipochimbua Shanga, katika kisiwa cha Pate, miaka ya 1980, alikuta vyungu vya namna hii tangu matabaka ya chini kabisa, pamoja na nyumba za miti na udongo zilizotangulia za mawe, na msikiti wa miti chini ya misikiti iliyofuata. Vyombo vya nje vilikuwepo tangu mwanzo, ila vilikuwa sehemu ndogo sana ya vigae vyote. Kwangu mimi ushahidi huo hauna utata: wenyeji walianzisha mji wao, wakafanya biashara na ng'ambo, wakasilimu, kisha wakajenga kwa matumbawe na chokaa. Sahani ya China iliyopachikwa kwenye kaburi la nguzo, yaani kaburi la kale la pwani lililosimamishiwa nguzo ya mawe, ilikuwa mali ya Mswahili aliyeinunua.

Sehemu nyingine ya mkusanyo ina thamani ya pekee kwa kazi yetu. Merikebu ya kivita ya Kireno Santo António de Tanna, iliyoundwa Bassein, Uhindi, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697 wakati ngome ilipokuwa imezingirwa na Waomani, na wapiga mbizi waliichunguza kati ya 1977 na 1980 chini ya uongozi wa Robin Piercy. Ndani ya ngome matabaka mengi yamevurugwa na askari na wafungwa wa vizazi kadhaa, ilhali vitu vilivyozama na merikebu vilikuwa vikitumika kwa pamoja hadi siku hiyo. Chombo tunachokitilia shaka tukikilinganisha na vya humo, tunapata kipimo cha kuaminika.

Kigae kinaeleza mengi kikijulikana tabaka kilikotoka. Kikiokotwa na kutiwa mfukoni hubaki na umbo na pambo tu. Ndiyo maana mtu anayechimba msingi au shimo la maji taka katika Mji wa Kale akakuta vigae, shanga au kuta za zamani, anatakiwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 kutoa taarifa. Asivioshe wala kuvikusanya, bali aviache palepale na asimamishe kuchimba upande huo mpaka wataalamu wafike.