Radoni nyumbani: kwa nini madhara yake huhesabiwa kwa miaka

Radoni ni gesi inayotoka ardhini. Haina rangi wala harufu, haina ladha, na aliyeivuta usiku kucha huamka kama kawaida yake. Asili yake ni urani, ambayo imo kidogo kidogo karibu katika kila mwamba na udongo. Urani huvunjika taratibu mno, baada ya hatua kadhaa ikawa radiamu, na radiamu nayo ikivunjika hutoa radoni. Kwa kuwa hii ni gesi, haikai ndani ya jiwe kama urani na radiamu zilizoizaa. Hupenya kwenye nyufa za ardhi mpaka juu.

Ikitokea uwanjani, upepo huichukua na habari yake huishia hapo. Taabu ni pale inapotokea chini ya nyumba iliyofungwa. Katika nchi za baridi, hewa ya ndani ikipata joto hupanda na kutokea darini, nayo nyumba hufyonza hewa nyingine kutoka chini: kwenye ufa wa sakafu, pembeni mwa bomba, kwenye shimo la pampu ya maji. Ndiyo maana besimenti, yaani ghorofa iliyo chini ya ardhi, ambayo familia nyingi huigeuza chumba cha vijana, kwa kawaida huwa na radoni nyingi kuliko vyumba vya juu, na vipimo vya majira ya baridi mara nyingi hupita vya kiangazi.

Mtu wa Lamu au Tanga anayelala madirisha wazi, katika nyumba isiyo na besimenti, sioni sababu ya kumkosesha usingizi kwa hili. Lakini Kiswahili siku hizi kinasemwa pia Des Moines, jimboni Iowa, kwa Wakongo na Warundi waliohamia huko. Iowa ina kaunti 99, na zote zimewekwa kundi la juu kabisa katika ramani ya radoni ya EPA, shirika la Marekani la kulinda mazingira. Ukinunua nyumba kule, neno hili huna budi kukutana nalo.

Sasa, inaumizaje? Gesi yenyewe sehemu kubwa huitoa tena unapopumua. Wanaoumiza ni watoto wake. Radoni hupungua nusu kila baada ya siku 3.8, na inapovunjika huacha chembe za poloniamu, ambazo si gesi tena. Hizi hunata kwenye vumbi, huingia na pumzi, hukaa kwenye njia za hewa mapafuni, na hapo hutoa mionzi ya alfa. Mionzi hiyo haipenyi hata karatasi, kwa hiyo haiidhuru ngozi. Ndani ya pafu, ambako hakuna kizuizi, huvunja DNA ya seli. Seli nyingi hujirekebisha au hufa. Mara chache mno moja hubaki na kosa, na miaka mingi baadaye kosa hilo likawa saratani.

Kwa hiyo kuumwa kichwa, kuwashwa au kikohozi cha wiki hii si dalili za radoni. Radoni haina dalili. Wala hakuna kipimo cha kawaida hospitalini cha kukuambia umeivuta kiasi gani. Kinachopimwa ni nyumba. Nasisitiza kwa sababu wapo wanaopata karatasi ya vipimo, wakakimbilia kwa daktari, na nyumba wakaiacha vilevile.

Je, hatari ni kubwa kiasi gani? Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka radoni kati ya visababishi vya uhakika vya saratani mwaka 1988, na EPA hukadiria vifo kama 21,000 vya saratani ya mapafu kwa mwaka nchini Marekani kutokana nayo. Idadi hiyo inatisha. Mimi naona takwimu za Ulaya za mwaka 2005, zilizounganisha tafiti 13, zinaeleza vizuri zaidi. Kati ya watu 1,000 wasiovuta sigara maisha yao yote, katika nyumba isiyo na radoni kama 4 wangepata saratani ya mapafu kabla ya kufika miaka 75. Kwenye bekereli 400 kwa mita ya ujazo (bekereli moja ni atomu moja kuvunjika kila sekunde), kama 7. Kwa wavutaji, hesabu hiyo hiyo hutoka 100 na kufika 160. Radoni na sigara zikikutana, ndipo watu wanapokufa kwa wingi. Mwenye nyumba anayenunua feni ya kutolea radoni huku akivuta pakiti kwa siku ameanza na mdogo akamwacha mkubwa.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyumba isizidi bekereli 100, na ikishindikana isivuke 300. Kanada huanza kurekebisha kwenye 200. Marekani kwenye pikokiuri 4 kwa lita, kipimo kingine cha mionzi, ambazo ni sawa na bekereli 148 kwa mita ya ujazo. Mipaka hii ni ya kuamulia la kufanya. Aliye na 140 hayuko salama zaidi kwa maana yoyote kuliko aliye na 155.

Nyumba ya jirani haikuambii lolote kuhusu yako. Mwaka 1984 mhandisi Stanley Watras alikuwa akikiliza king'ora cha mionzi katika kinu cha nyuklia cha Limerick, Pennsylvania, hata anapoingia kazini. Ikagundulika mionzi alitoka nayo nyumbani, ambako radoni ilikuwa karibu bekereli 100,000. Familia ilihama, nyumba ikarekebishwa, wakarudi.

Kipimo cha siku chache hutoa fununu; cha miezi mitatu au zaidi kinaaminika zaidi, kwa sababu radoni hupanda na kushuka kila siku. Ikiwa juu, fundi hutoboa sakafu, hupitisha bomba hadi juu ya paa na kufunga feni inayovuta hewa ya chini ya sakafu kabla haijaingia ndani. Kwenye bomba huwekwa mrija wa umbo la U wenye maji ya rangi. Pande mbili za maji zikilingana, feni imezima, hata kama bomba linaonekana zima.