Boya la kufungia chombo: yanayosemwa na ukweli wake

Pwani ya Mtwara utasikia ikisemwa kwamba nanga ndogo haidhuru matumbawe. Ukweli ni kwamba matumbawe ya mviringo, yale yanayofanana na mwamba, hukua kwa takriban sentimita 1 tu kwa mwaka, hivyo tumbawe lenye kimo cha mita 1 limejengeka kwa kama miaka 100, na nanga ya kilo chache inayoburutwa na upepo wa kusi inaweza kulivunja kwa dakika moja. Katika maji yaliyohifadhiwa kama ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yaliyotangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 2000, hasara hiyo hairudishwi na faini yoyote. Ndiyo maana, badala ya kutia nanga, chombo hufungwa kwenye boya la kufungia, yaani boya lililoshikwa kwa mnyororo na uzito uliolazwa chini.

Wengine hudhani kila kinachoelea ni cha kufungia. Yapo maboya ya mipaka, ya njia ya meli, na yale ya wavuvi yanayoonyesha dema au nyavu zilipo. Ukifunga kwenye hayo ya mwisho, unamharibia mvuvi riziki na mkondo unakuchukua pamoja na mtego wake. Muulize kwanza askari wa hifadhi.

Dhana ninayoiogopa kuliko zote ni kwamba kamba ikiwa fupi, chombo hutulia zaidi. Wimbi linapoinua omo, yaani mbele ya chombo, kamba fupi hukaza kwa kishindo, boya huzamishwa, na kishindo hicho hushuka hadi kwenye mnyororo na uzito uliolazwa chini, hasa wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, yakiwa yamejaa. Chukua kamba yako mwenyewe, ipitishe kwenye kitanzi cha boya, urudishe ncha zote mbili omoni na uiache ndefu. Wakati wa kuondoka utaachia ncha moja tu, ukiwa umesimama ndani ya chombo. Usifunge kwa upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, kwani mawimbi yataingia penye injini.

Wala kazi haiishi ukishafunga. Boya hutengenezwa kwa ukubwa fulani wa chombo, kwa hiyo usiongeze boti ya pili ubavuni, na baharia mmoja azame kwa miwani atazame pingu (kiungo cha chuma kinachoshika mnyororo) na mnyororo wenyewe kama vimelika kwa kutu. Kisha chagua alama mbili za nchi kavu zinazopangana, tuseme mnazi na paa la nyumba: chombo kugeuka mkondo unapobadilika ni kawaida, lakini alama zikiendelea kuachana, boya linaburutwa, na aliyebaki chomboni lazima awe anajua kuwasha injini.