Didymos na kijimwezi chake: NASA haikulipua kitu, na hakikuwa kinakuja kwetu

Kila stori ya DART, lile jaribio la NASA la kusukuma jiwe la angani libadili njia, ikirudi mtandaoni nakutana na maneno yaleyale, eti NASA walilipua jiwe lililokuwa linakuja duniani. Jamani hapana. Didymos, hilo jiwe la angani (asteroidi), haikuwa inatufuata, siku ile ya 26 Septemba 2022 ilikuwa umbali wa kama kilomita milioni 11, na hakuna bomu lililotumika, ni chombo cha kilo 580 hivi kilichoenda kujibamiza kwa spidi ya kilomita 6 kwa sekunde. Tena hakikugonga Didymos yenyewe! Kiligonga Dimorphos, kijimwezi chake cha mita kama 150, kinachoizunguka kwa umbali wa kilomita 1.2 tu.

Sasa wengine wanauliza si wangechagua jiwe moja linalotembea peke yake? Hapo ndo penye utamu. Jiwe la peke yake ukiligonga, njia yake kuzunguka jua inabadilika kidogo mno, utakaa miaka unapima. Lakini kijimwezi kilikuwa kinamaliza mzunguko kwa masaa 11 na dakika 55, yaani saa tayari ipo, we ni kuangalia tu kama imebadilika. Na msidhani darubini za huku chini zinaona mawe mawili, zinaona nukta moja ya mwanga, ila kijimwezi kikipita mbele au nyuma ya mkubwa wake nukta inafifia kidogo, na ndo ilivyogundulika 2003 kwamba wako wawili, mwanaanga Petr Pravec na wenzake wakifuatilia huko kufifia, na rada ikathibitisha.

Baada ya kugongwa mzunguko ukawa masaa 11 na dakika 23 hivi. NASA walishasema hata kupungua kwa sekunde 73 kungetosha kuita jaribio limefanikiwa, zikaondoka dakika zaidi ya 30!

Wengi wanachanganyikiwa hapa, kwamba kimepunguzwa kasi halafu kinazunguka kwa muda mfupi zaidi? Ndiyo, kwa sababu kiligongwa uso kwa uso, kikashuka karibu na mkubwa, na ukiwa karibu mzunguko ni mfupi.

Na Dimorphos si mwamba mmoja mgumu. Ni lundo la mawe na vumbi vimeshikana kwa mvutano dhaifu, ndo maana vilirushwa vingi sana, na huko kuruka kulikisukuma kuliko hata chombo chenyewe. Hera, chombo cha anga cha Ulaya, kiliondoka 7 Oktoba 2024 kwenda kuangalia kwa karibu, kama kuna shimo au kijimwezi kizima kimebadilika umbo.